Maji ya Kuoshea Skuta

Jumatatu, 7 Julai

Skuta nimeiosha kabla ya chai. Kama kila asubuhi. Mpira wa maji, sabuni kidogo, tambara, halafu mpira tena mpaka chini ya kiti na katikati ya magurudumu. Bi Greta, mwajiri wangu, alisimama barazani na kikombe chake cha kahawa akitazama. Alisoma kwenye simu kwamba anayeishi karibu na bahari lazima aoshe chombo chake kila siku, chumvi isipate pa kukaa. Basi tunaosha. Yeye anasoma, mimi naosha.

Nyumba hii inaliwa. Sina neno lingine. Bawaba za mlango wa jikoni nilizipaka mafuta wiki jana, leo zinalia upya. Kitasa cha bafu kimebaki mkononi mwangu. Viatu vyake vya ngozi vimeota koga ya kijani kabatini, na vile vipakiti alivyoagiza kwao vya kunyonya unyevu vimenyonya mpaka vikapasuka juu ya mashuka. Nimefua mashuka. Upepo wa kusi haujali nani amefua.

Yeye anauliza, kwa Kiswahili chake cha kitabu, mbona vitu Diani havidumu. Nimemwambia ndiyo hali ya pwani. Akaandika kwenye simu yake. Sijui aliandika nini.

Saa kumi na moja nimeondoka na skuta. Hayo ndiyo mapatano yetu. Mimi naitunza, mchana ni yake, jioni naenda nayo Munje kwa mamangu, asubuhi narudi nayo. Na Jumapili inalala kwetu. Pale stejini Ukunda vijana wa bodaboda wamenizoea.

"Shemeji skuta! Leo umebeba nini?"

"Nimebeba maziwa ya mtoto. Wewe je?"

Wamecheka. Ni kweli lakini. Mwanangu Zuhura ana miezi kumi na ananyonya jioni, usiku na alfajiri. Baba yake yuko Saudia anaendesha lori. Mimi ndiye niliye karibu, na karibu yenyewe ni hii.


Jumanne, 8 Julai

Breki ya nyuma inakaza. Nimemwambia Bi Greta. Kesho tuioshe vizuri zaidi, amesema.

Adhuhuri blauzi imelowa tena. Nimekamua maziwa kwenye bafu la nje, yakaenda na maji. Kila siku naona yakienda. Friji ni lake, sijamwomba. Na safari yenyewe ni ya jua, yangefika yamekatika.


Jumatano, 9 Julai

Skuta imekataa kuwaka. Nimebonyeza kitufe, nimepiga teke, nimesoma Bismillahi. Kimya. Vichwa vya betri vimeota ungaunga wa kijani.

Nikaenda na matatu. Haiondoki Ukunda mpaka ijae, na leo watu hawakuwa na haraka ya kwenda popote. Kutoka Msambweni nikachukua boda. Nilipofika Munje Zuhura alikuwa amelala, uji umekauka kwenye kidevu. Nikamwinua nimpe ziwa. Akakunja uso, akageukia bega la bibi yake.

Bega la bibi yake.

Mamangu akampangusa uji kidevuni. Angenisema ingekuwa nafuu.


Alhamisi, 10 Julai

Nimeisukuma skuta mpaka kwa fundi Ouma, nyuma ya soko Ukunda. Ni mtu wa bara, maneno mengi, mikono mizuri.

"Siz, hii nduthi yako inaumwa na nini? Ni mpya hii."

"Wewe ndiye daktari."

Amekwangua vichwa vya betri, akapaka grisi, ikawaka. Nilitaka kuibusu ile skuta. Jioni nimemkuta Zuhura macho. Amenyonya upande mmoja, kidogo, akawa anachungulia kuku.

Kabla ya hapo mamangu alinizuia mlangoni kama kawaida. Mama aliyetoka juani hamnyonyeshi mtoto hivi hivi. Kwanza aoge, akae kivulini, akamue ya mwanzo ayamwage, maana hayo yamechemka na jua yatamharisha mtoto. Nami nafuata. Nimekua nikiona wanawake wote wa Munje wakifanya hivyo. Lakini leo nilipokuwa naoga nilimsikia Zuhura akilia nje na nikaoga kama mtu anayekimbizwa.


Ijumaa, 11 Julai

Bi Greta ametazama video nyingine. Kusi likivuma, kuosha mara moja hakutoshi. Tuoshe asubuhi na mchana. Na tupeleke maji kwa nguvu, mpaka ndani kabisa.

Sawa. Asubuhi na mchana. Mikono yangu imechubuka kwa sabuni ambayo haifanyi povu. Hakuna shida, nimemwambia. Neno langu la kila siku. Hakuna shida. Na yeye analiamini kama lilivyo.


Jumapili, 13 Julai

Nyumbani. Nilidhani siku nzima pamoja itamrudisha. Nimempa ziwa asubuhi, akanyonya akakasirika, akaniuma. Maziwa hayatoki kama zamani. Mchana akataka uji.

Mamangu ameniambia wakati tunachambua mchicha.

"Mwanangu, mwachishe. Mtoto analilia ziwa kavu, anadhoofu bure. Nikupake shubiri siku mbili tatu, atasahau."

Shubiri. Ndivyo tulivyoachishwa sote, na wote tunakunja uso tukiisikia harufu yake hadi leo. Nikamwambia hajafika mwaka. Nikamwambia Mwenyezi Mungu ametupa miaka miwili. Akasema miaka miwili ni ya mama anayekaa na mwanawe.

Nimekasirika mpaka nikachambua mchicha nikatupa majani nikabakisha mabua. Kwa sababu ana haki. Hapana. Nusu ya haki.

Simwachishi. Nimeandika hapa nisije nikajibadilisha kesho. Nikifika mapema kila jioni kwa wiki mbili maziwa yatarudi. Muuguzi wa kliniki aliniambia: yanarudi kwa kunyonywa, hayarudi kwa kungojewa.

Kila jioni, mapema. Basi yote yako juu ya ile skuta.


Jumatatu, 14 Julai

Heta ya maji ya moto imekufa. Fundi umeme ameifungua, ndani waya umevaa ganda jeupe nene kama chokaa ya ukutani. Birika la umeme ni vivyo hivyo. Kichwa cha shawa kimeziba, maji yanatoka kwa tundu mbili na yote yanaruka pembeni.

Siku nzima nimekuwa mtu wa siki na ndimu. Nimechemsha siki kwenye birika, nimeloweka shawa kwenye ndimu, nimesugua mifereji kwa mswaki mzee. Nyumba imenuka kama achari. Bi Greta amefurahi sana. Amepiga picha birika kabla na birika baada. Anawatumia wenzake, wageni kama yeye walioko Galu na Tiwi, wana kundi lao kwenye simu la kuulizana mambo ya nyumba. Nani ana fundi wa kiyoyozi, tumbili wanafukuzwaje, friji lisiliwe na kutu litiwe nini chini. Kila mtu anajibu, hakuna aliyewahi kushika tambara.

Hilo nimeliandika kwa hasira. Bi Greta anashika tambara. Leo alisugua bafu lake mwenyewe, akapiga magoti.

Baadaye nikatoka na mpira wa maji, nikaosha skuta mara ya pili.


Jumanne, 15 Julai

Nimefika mapema. Amenyonya pande zote mbili. Mkono wake ulikuwa ndani ya shingo ya gauni langu muda wote.

Sina zaidi ya kuandika. Siku njema huwa fupi.


Jumatano, 16 Julai

Nashukuru Mungu niko hai na kiwiko kimechubuka tu.

Baada ya Gazi, kwenye mteremko wenye miwa pande zote, lori la mbele limepunguza. Nikashika breki ya nyuma. Waya ukakatika. Niliusikia, tap, na mkono ukaenda mpaka mwisho bila kukuta kitu. Ya mbele ikashika kwa ghafla. Nikachagua miwa. Skuta imelala huku, mimi nimekaa kule, buibui limepasuka hadi gotini, kofia ngumu imejaa majani.

Bodaboda wawili wakasimama. Mmoja akaniinua, mwingine akaitazama skuta.

"Mama, wataka miwa si usimame ununue?"

Nikacheka huku nalia. Nao wakaona aibu, wakatazama pembeni. Wakaubeba ule waya uliokatika wakanionyesha. Ulikuwa umeoza, nyuzi nyekundu nyekundu, zinavunjika kwa vidole kama majani makavu. Mmoja ameipeleka skuta polepole mpaka Munje, mwingine amenipakia.

Mamangu ameona damu akapiga ukemi. Halafu, nilipoketi nikamnyooshea Zuhura mikono, akamvuta kwake.

"Ngoja. Maziwa ya mshtuko ni mabaya kuliko ya jua. Tulia kwanza. Kamua."

Nikatulia. Nikakunywa maji. Nikakamua nikayamwaga mchangani, tone kwa tone, maana hayakuwa mengi. Zuhura analia, bibi yake anamrusharusha. Nilipomaliza alikuwa ameshachoka kulia. Amelala. Nikamweka kifuani hivyo hivyo amelala, midomo haikufunguka.

Kidogo nilichokuwa nacho nimekimwaga chini. Kwa adabu.

Nina hasira na mamangu. Nina hasira na Bi Greta na video zake. Nina hasira na waya. Sijui nianze na nani.


Alhamisi, 17 Julai

Ouma amekuja na pikapu ya mwenzake, tukaipandisha skuta, tukarudi nayo Ukunda. Ameivua magamba yote ya plastiki. Sijawahi kuiona uchi. Chini ni kutu tupu. Chuma kinachobeba injini kimeliwa, ukikigonga kinatoa maganda. Bolti hazina kichwa. Na skuta haijamaliza mwaka.

Ameinama, ameangalia, amekwangua kwa kucha.

"Siz. Mnapitisha hii kitu kwa bahari?"

"Haijagusa bahari. Naiosha kila siku."

"Na maji gani?"

"Ya mfereji."

"Ya mfereji ya wapi?"

Hapo ndipo nilipomwona Bi Greta kichwani mwangu, na kikombe chake cha kahawa, na mimi na mpira wa maji.

Mfereji wa nyumba ile unatoka kwenye kisima cha pampu. Maji yake ni ya chumvi. Nimejua tangu siku ya kwanza. Sipikii wali maji yale. Chai haiivi nayo. Sabuni haifanyi povu. Maji matamu yanaletwa na mkokoteni kwa madumu, nami ndiye ninayempokea mwenye mkokoteni. Juzi tu nimeshinda na siki nikisugua ganda la maji yale kwenye birika, halafu nikatoka nje nikayamimina kwenye skuta. Mara mbili kwa siku. Kwa nguvu, mpaka ndani kabisa.

Bi Greta hajui kwa sababu maji anayotia mdomoni yote ni ya chupa, hata ya kupigia mswaki. Mimi najua, lakini kwangu kuna maji ya kunywa na maji ya kuoshea. Yale ni ya kuoshea. Niliambiwa osha.

Ouma alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu akaona uso wangu akaacha. "Pole, siz. Si wewe peke yako. Hao wazungu wa Galu pia niliwatengenezea mbili hivyo hivyo. Na mmoja ni injinia."

Haikunisaidia.

Nimerudi kwa matatu kwa Zuhura. Amelala.


Ijumaa, 18 Julai

Nimemwambia Bi Greta. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Msambweni, nikayasahau yote. Nikamfungulia mfereji wa jikoni nikamwambia, Bi Greta, onja.

Ameonja. Amenitazama. Ameonja tena. Halafu akaketi kwenye kigoda cha jikoni akasema neno la kwao ambalo sikulijua lakini nililielewa.

Hakunilaumu. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa, nikabaki na maandalizi yangu. Alisema ni kosa letu sisi wawili, kisha akaingia kwenye simu papo hapo kuagiza. Chuma cha chini, waya, bolti za chuma kisichoshika kutu, na kichungio cha maji. Vinatoka nje. Vitachukua mwezi, pengine zaidi. Hataki mimi nipande tena kitu ambacho hakijapona. Hapo namshukuru.

Halafu akasema jambo la kunisaidia. Mpaka skuta itengenezwe nilale hapa, kile chumba cha nyuma kiko tupu, nisihangaike na matatu. Amekwisha kutandika kitanda. Ameweka na feni.

Nikasema hakuna shida.

Nikaenda chumba cha kufulia nikafunga mlango, nikajipiga mdomo kwa kiganja. Nimesemaje hakuna shida? Mwezi mmoja. Mwezi mmoja si kupungua, ni kwisha. Nikimrudia mwezi ujao atakuwa mtoto wa uji na bega la bibi.

Hajui kwamba ninanyonyesha. Anajua nina mtoto, ameona picha. Mimi sikumwambia lingine. Kwetu humwambii tajiri mambo ya kifua chako. Unasema hakuna shida, na mwenye akili anakutazama usoni. Yeye alinitazama usoni akaona hakuna shida.

Jioni nikapanda matatu tu. Chumba nimekiacha na feni yake.


Jumapili, 20 Julai

Mamangu amenunua shubiri. Iko dirishani kwenye kikaratasi. Hajanigusia. Ameiweka tu pale ninapopita.

Nimeichukua nikamrudishia mkononi.

"Mama, nakuheshimu. Lakini huyu sitampaka. Na kuanzia leo nikirudi nampa ziwa hapo hapo mlangoni, juani au kivulini. Akiharisha nitampeleka kliniki mwenyewe."

Hajawahi kunisikia hivyo. Hata mimi sijawahi. Akasema, haya, wewe ndiye mama yake. Akaenda kuwasha moto. Nikalia kidogo, si sana. Nilimwona na yeye akifuta macho, akasingizia moshi.


Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda kazini na Zuhura mgongoni, kwenye leso.

Bi Greta alifungua lango akatabasamu, akamshika mguu. Nikamwambia bila salamu ndefu, nisije nikarudi nyuma. Huyu ananyonya. Nisipompa mchana au mapema jioni maziwa yanakauka. Yamekaribia kukauka. Siwezi kulala hapa mwezi mzima. Naomba nije naye.

Uso wake ukabadilika. Akauliza, "Kwa nini hukusema?"

Nikamfungua Zuhura mgongoni, nikamweka chini.

Akamtazama Zuhura anavyotambaa, kisha akatazama bwawa la kuogelea. Halina ukuta. Linaanzia pale baraza inapoishia. Mwenye nyumba hataki uzio, anasema utaharibu mandhari. Bi Greta alisema hapana. Alisema polepole lakini alisema hapana. Siku moja tutageuka wote wawili, mmoja na simu, mmoja na sufuria, alisema. Hataishi na hilo.

Ningependa kuandika kwamba alikuwa mbaya. Nilitazama yale maji ya buluu nikajua nami nisingeishi nalo.

Lakini sikusema hakuna shida. Nikasema, basi mwisho wa mwezi nitaacha. Nitamtafutia mtu mzuri, nitamfundisha kila kitu, na maji ya kuoshea nitamwonyesha yapi.

Leo Zuhura ameshinda mgongoni nikifagia, amenyonya jikoni, amenikojolea. Bi Greta hakutoka chumbani hadi alasiri.


Jumanne, 22 Julai

Nimemwacha Zuhura kwa bibi yake. Nikaenda peke yangu, kifua kizito, mdomo mzito.

Bi Greta alikuwa ameamka mapema. Alikuwa na maneno na yeye. Nije alfajiri nimalize kila kitu cha asubuhi, niondoke adhuhuri. Nusu siku. Mshahara utapungua, hawezi kulipa mtu wa pili wa jioni na kunilipa mimi vilevile. Alisema hilo akiwa amenitazama usoni, wala hakulipaka sukari.

Nikauliza nusu siku mpaka lini. Akasema mpaka mtoto aache mwenyewe.

Nikafikiri paa la mamangu, ambalo tulitaka kulibadilisha kabla ya vuli. Litangoja. Baba Zuhura atanuna kwenye simu. Atangoja naye.

Nikasema nimekubali. Neno hilo tu.

Adhuhuri matatu za Msambweni zinajaa upesi, akina mama wametoka sokoni. Sikulijua hilo. Matatu nimezijua za jioni tu.


Ijumaa, 1 Agosti

Niko Munje, nyuma ya nyumba, alasiri. Naandika kwa mkono mmoja, mwandiko unakwenda upande.

Zuhura yuko kifuani. Juzi alikuwa ananyonya akiachia, akikasirika. Jana kidogo vizuri. Leo nasikia akimeza. Sauti ndogo, kama mtu anayekubali. Upande wa pili umeanza kudondoka wenyewe, nimeuziba kwa leso.

Amefunga macho lakini hajalala. Nikimtoa kidogo anavuta.

Mawingu yamekuja kutoka kisiwa cha Funzi, manyunyu yameanza. Nguo za wiki nzima ziko kambani, zilikuwa zimekauka. Mamangu anaita kutoka mbele ya nyumba, "Nguo! We, nguo!"

Siinuki. Zilowe.